Ukija Berlin, mnara uache, nenda kamwone mjusi wa Lindi

Kiangazi cha Ulaya kikikaribia, simu za Lindi na Mtwara zinaanza kuingia. Mtu amepata viza, au ana semina, au mwanawe anasoma huku, na swali huwa lile lile: tukifika Berlin tuone nini? Jibu langu huwaudhi wengi. Mnara wa televisheni pale Alexanderplatz utazameni kutoka chini, ni bure. Fedha ya tiketi ipelekeni mtaa wa Invalidenstraße, kwenye makumbusho ya viumbe, mkamwone mjusi wetu: kiunzi cha dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi.

Sisemi mnara ni mbaya. Una mita 368, hakuna jengo refu kuliko hilo Ujerumani nzima, na ulifunguliwa Oktoba 1969, wakati Berlin ya Mashariki, ile ya Kikomunisti, ilipotaka kuwaonyesha wenzao wa Magharibi kwamba na wao wamo. Lifti inakupandisha hadi ndani ya tufe la chuma, mita 203 kutoka ardhini, na inafika kabla watu wawili wa kwetu hawajamaliza kusalimiana. Juu kidogo kuna mgahawa unaozunguka taratibu. Jua likilipiga lile tufe, mng'ao wake unachora msalaba, jambo lililowakera sana wakubwa wa serikali ile, ambao habari za dini hawakuzitaka kabisa. Mimi kisa hicho nakipenda kuliko mandhari yenyewe.

Maana mandhari, jamani! Berlin ni tambarare. Juu pale unaona mapaa, reli, mto Spree ukijipindapinda, msitu wa Tiergarten, kisha mapaa mengine. Aliyewahi kusimama kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji wa Lindi, ghuba yote iko chini yake na Kitunda ng'ambo, au aliyeingia Mikindani kwa basi asubuhi maji yamejaa, huyo hana cha kushangaa mnarani. Na tiketi ni zaidi ya euro 20 kwa kichwa. Igeuze kwa shilingi, halafu zidisha kwa familia.

Mama mkubwa alipokuja kututembelea, wanangu waling'ang'ania bibi yao apande. Ilikuwa Novemba. Tukapanga foleni, tukakaguliwa mikoba, tukapanda, na kule juu tukakuta ukungu mtupu, mweupe, umeng'ang'ania kioo pande zote. Watalii walikuwa wanaupiga picha huo huo ukungu. Mama mkubwa akazunguka duara zima, akagusa kioo kwa kidole, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa tumelipia nini?" Nikamwambia tumelipia lifti.

Kesho yake nikampeleka makumbusho. Pale huhangaiki kutafuta cha kuona, ukivuka mlango wa ukumbi wa kwanza tu, macho yanapanda yenyewe. Kiunzi cha mifupa kimesimama kimo cha mita 13 na ushee, na kinatambuliwa kuwa kirefu kuliko viunzi vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Miguu ya mbele imeizidi ya nyuma, mgongo unateremka kuelekea mkiani, shingo imepanda juu karibu na dari ya kioo. "Mgongo wa fisi huu," akasema mama mkubwa. Akasogea kwenye kibao. Kijerumani hajui, Kiingereza hajui, lakini neno moja alilisoma mwenyewe, kwa sauti, mpaka watu wakageuka: "Tendaguru!" Kisha akataka kujua mnyama huyo alikuwa anakula nini. Majani, nikamwambia. "Majani ya kwetu kule?" Nikamweleza ni miaka milioni 150 iliyopita, hata kwetu kwenyewe kulikuwa bado hakujawa kwetu. Hakuridhika. Akaomba akae kwenye benchi amtazame vizuri, na tulikaa hapo mpaka wajukuu wakachoka, wakaenda kuangalia vipepeo.

Habari zake zinajulikana. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa karibu na kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji, wakuu wake wa mwanzo wakiwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Jembe na sururu walishika watu wetu, na kuna msimu walifika kama mia tano. Mifupa ilifunikwa kwa plasta na udongo, ikafungwa kwa mianzi, ikabebwa na watu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Mbung'o hawakuacha mnyama wa mizigo aishi, kwa hiyo mnyama wa mizigo akawa binadamu. Iliyopakiwa melini ilizidi tani 200. Mingine ilikaa Berlin miongo kwa miongo ndani ya mianzi ile ile, haijafunguliwa.

Sasa weka tarehe hizo kando ya nyingine. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kule Umatumbini, vikaisha 1907. Jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala makusudi, na waliokufa kwa njaa kusini yetu ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Miaka miwili baadaye anatokea Mjerumani mwingine, ana kazi ya ujira ya kuchimba mifupa. Nani angekataa? Nikisikia mtu akisema wazee wetu waliitoa mifupa kwa hiari, namwomba kwanza ajifunze hesabu ya 1907.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyeufahamu ule udongo, na zipo picha zake akiwa shimoni kazini. Mnyama mrefu yule kisayansi anaitwa Giraffatitan brancai, na hilo brancai linatokana na Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho, mtu wa ofisini. Boheti alisubiri mpaka 2007 ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru akapewa jina la Australodocus bohetii. Mwaka 2019 Wamwera, watu wa huko huko kwetu, nao wakapata dinosaria wao, Wamweracaudia. Ni heshima, sikatai, ila imekuja wakati wenyewe na watoto wao hawapo tena kuisikia.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na wenzangu wa ughaibuni. Wengi wetu tukikaa kwenye pilau ya Idi au msiba wa Mtanzania, mjusi akitajwa, wimbo ni mmoja: warudishe! Kisha sahani nyingine ya pilau. Hoja ya Wajerumani kwamba mifupa ingeharibika kwetu siichukulii kwa uzito. Ilikaa ardhini Lindi muda wote ule bila kiyoyozi. Lakini na sisi tujiulize mtoto wa Mchinga au wa Mipingo leo akitaka kuujua huo mfupa aende wapi. Nimesoma Lindi tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, na kusafirishwa na shule kwenda Tendaguru sikuwahi. Masika barabara ya huko haina maelezo. Niliyaona mabaki ya kijijini kwetu, kwa mara ya kwanza, nikiwa nimevaa koti la baridi.

Na hapa lazima niwasifu wa huku, ingawa naishi nao na nina mengi ya kuwalalamikia. Ukienda makumbusho siku ya kazi asubuhi unapishana na watoto wa chekechea, wamevaa vizibao vya njano, wameshikana mikono wawili wawili. Mwalimu anawakalisha sakafuni chini ya mjusi, kila mmoja na karatasi yake na penseli, wachore. Wanagombana, mmoja analia, mwingine kachora ngazi kwa sababu anataka kupanda. Hawaogopi makumbusho. Kwetu makumbusho ni mahali pa mgeni wa kizungu na kamera, sisi tunabaki nje tukimuuzia korosho. Jengo la mita 368 silioni wivu hata kidogo. Wivu wangu ni kwa hizo penseli.

Msiniambie hatuwezi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mkoa huu huu wa Lindi, yaliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, maana bahari ilikuwa inayala na kuta zilikuwa zinaanguka. Zikafanyika kazi, mafundi wakajengea chokaa, wanakijiji wakashirikishwa, na 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Leo unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, mwenyeji anakutembeza msikiti mkuu na kasri la Husuni Kubwa, anakusimulia kwa Kiswahili. Ukishaona msikiti ule, ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mji wake mwaka 1331, majengo mengi ya Berlin unayaona ya juzi. Hata kasri lao lililo katikati ya mji, lenye makumbusho ya vitu vya Afrika na Asia, ni nakala ya kasri lililobomolewa 1950. Kwa nje tu ni la kale.

Nakala. Neno hili wanaodai mjusi hawalipendi, na wanaokataa kumrudisha wanalitumia kutunyamazisha, lakini mimi nalitaka. Hata mjusi wa Berlin si mfupa halisi mwanzo mpaka mwisho. Pingili za shingo na za mgongo zilizoko juu pale ni za kuigiza, kwa kuwa zenyewe ni nzito na dhaifu mno kutundikwa, na bado mamia kwa maelfu wanalipa kiingilio. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Lindi ikipewa nakala tumepewa uchafu. Mfupa mmoja wa paja, nakala kamili, uwekwe mahali ambapo mtoto anaweza kuukumbatia aone mikono haikutani: hicho ndicho ninachokitaka kabla ya mjadala wa meli na bima.

Bungeni Dodoma suala hili limeshaulizwa, na jibu limeegemea ushirikiano na Wajerumani kuliko kudai kiunzi chenyewe. Sawa, basi ushirikiano uwe na bei. Senti hamsini za euro katika kila tiketi ya Invalidenstraße ziende Lindi, kwenye barabara ya Tendaguru na kwenye mishahara ya watu wa kupokea wageni. Kibao cha Kiswahili kiwekwe pale chini ya mjusi, karibu na cha Kijerumani. Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea Novemba 2023 akaomba radhi kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Nilimsikiliza nikiwa jikoni, nikazima jiko nisikie vizuri. Kuomba radhi ni jambo kubwa kwa mtu mkubwa. Lakini kwetu anayekuja kuomba radhi haji mikono mitupu, na mafuvu ya wazee wetu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni, yaliyoko kwenye makabati ya huku, ndiyo yaanze kurudi, kabla ya mjusi. Mjusi hana ndugu wanaosubiri kumzika.

Na sisi wa ughaibuni tuache kuchangia harusi peke yake. Lindi mjini kuna majengo ya zamani yamekaa bure, mengine mti umeota ukutani. Chumba kimoja kinatosha kuanzia: nakala ya mfupa wa paja, picha za wachimbaji zilizochapishwa kubwa, ramani ya njia waliyopita wapagazi, na mzee mmoja anayelipwa kusimulia Jumamosi. Juu ya mlango waandike Boheti bin Amrani, na mtoto wa shule asilipe kitu.