Tuma na ya Kutolea

Mwaka 2013 nilipopata mshahara wangu wa kwanza Dar es Salaam, nilimtumia bibi shilingi 20,000. Bibi anaishi kijijini juu ya Soni, milima ya Usambara, na jioni hiyo aliniombea dua kwenye simu mpaka machozi yakanilengalenga. Nililala moyo mweupe.

Miezi kadhaa baadaye nilipanda kwenda kumsalimia, ndipo binamu yangu mdogo aliyekuwa akikaa naye akanisimulia habari ya ile pesa. Bibi alikuwa anadaiwa dukani 20,000 kamili, na alishamwambia mwenye duka kwamba mjukuu akituma tu, deni limekwisha. Akapanda bodaboda kushuka Soni kwa wakala. Ada ya kutoa ikakatwa humo humo. Bodaboda ya kwenda na kurudi ikalipwa humo humo. Alipofika dukani pesa ilikuwa pungufu, akasimama mbele ya kaunta kuomba radhi kwa kiasi kilichobaki, yeye mwanamke wa miaka sabini na ushei ambaye kijiji kizima kinamjua kwa kutunza ahadi. Mimi hakuniambia neno. Alichoniambia mimi ni ahsante, na ile dua.

Tangu siku hiyo maneno "tuma na ya kutolea" nayasikia tofauti na wengine wanavyoyasikia. Kwa wengi ni hesabu ya simu tu. Kwangu ndiyo kipimo cha wema wote ninaoufahamu.

Zamani tulikuwa tunampa dereva wa basi bahasha, tunamwomba Mungu ifike. Pesa za kwenye simu zilipoingia Tanzania mwaka 2008 zilituokoa na mengi, ila zilileta jambo jipya: pesa inaweza kuwa imefika na isiwe imefika. Ujumbe umeingia, salio linaonekana, lakini kati ya simu na mkono wa mtu kuna ada, kuna nauli, kuna wakala ambaye leo hana keshi na anakwambia rudi kesho. Julai 2021 Serikali ilipoweka tozo kwenye miamala, ya kutuma na ya kutoa, njia hiyo kutoka kwenye simu hadi mkononi ikazidi kuwa ndefu. Anayekuongezea ya kutolea ametembea njia hiyo kwa mawazo yake kabla hajabonyeza namba ya siri.

Methali yetu inasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naiheshimu, na nimelelewa nayo. Lakini miaka inavyokwenda nazidi kuamini kwamba moyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfuata mtu hadi ndani ya mlango wake na kujiuliza: akishapokea hiki, atakibebaje? Mchele huu ataupikia mkaa upi? Watu wakarimu tunao wengi sana, wa kujivunia. Wanaofika mpaka mwisho wa njia ni wachache, na mimi nilikuwa sijahesabika miongoni mwao.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nimekulia Tanga mjini, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na mwezi wa Ramadhani sisi watoto ndio tuliokuwa miguu ya mtaa. Kabla ya magharibi unatumwa nyumba hii na mihogo ya nazi, nyumba ile na tambi, kwingine na birika la uji wa pilipili manga. Na kila mtu anajua desturi ya pwani: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukipelekewa bakuli la mihogo, kesho bakuli linarudi na maandazi, au hata maembe mawili. Ni desturi nzuri, nami sitaki ife.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwepo mama mmoja akilea wajukuu watatu peke yake. Kwake tulikuwa tunapeleka kila siku, lakini kwa maagizo ambayo yalikuwa yananiudhi. "Usiache bakuli. Mimina kwenye chombo chao, urudi nalo sasa hivi. Mwambie mama analisubiri, anataka kumpakulia mtu mwingine. Na mwambie mihogo imenizidi leo, anisaidie kuimaliza." Nilikuwa na njaa ya funga, nasimama pale ukumbini kusubiri chakula kimiminwe, bakuli lisuuzwe, nami nasikia adhana inakaribia. Nikimuuliza mama kwa nini nyumba nyingine naacha chombo na kukimbia na ile nyumba lazima nisubiri, alinijibu kwa kunitazama tu.

Jibu alinipa nikiwa mtu mzima, tena kwa sentensi moja, akiwa anachambua mchele. "Lingebaki kwake, angelala anawaza alirudishe na nini."

Nimeishi na sentensi hiyo kwa miaka mingi. Mihogo kila mtu mtaani aliweza kupeleka. Mama alipeleka mihogo, kisha akaondoa na lile deni dogo ambalo mihogo ingeliacha. Na uongo ule wa kwamba chakula kimezidi! Sufuria yetu niliijua, haikuwahi kuzidi. Lakini anayeombwa msaada wa kumaliza chakula si sawa na anayepewa chakula, na watoto wale watatu walikula bila bibi yao kuinamisha kichwa.

Kiswahili kina kitenzi kizuri kwa hili: kusitiri. Tunakitumia kwa nguo inayofunika mwili, tunakitumia kwa maiti anapozikwa, na tunakitumia kwa mtu ambaye shida yake umeijua na hukuianika. Ndiyo maana siku hizi naumia nikiona mzee amesimamishwa na mfuko wa unga wa kilo 5 kifuani ili apigwe picha na waliomletea. Unga ule ni halali na mzee ataula. Lakini amelipishwa kitu, na alicholipa ni kikubwa kuliko unga. Nasema hivi nikijua kwamba wapo wanaopiga picha kwa sababu wachangiaji wanadai ushahidi. Basi wapige picha ya magunia, uso wa mzee wauache.

Kosa la 2013 halikuwa la mwisho. Miaka michache iliyopita mwenzangu kazini aliuguliwa na mama yake, akawa analala hospitali akiamkia ofisini. Nilimpenda kweli na nilimwonea huruma kweli. Nikamwandikia: "Pole sana ndugu yangu, ukihitaji chochote usisite kuniambia." Nadhani nusu ya ofisi tulimwandikia hivyo hivyo. Hakusita, wala hakuniambia. Angeniambia nini? Mtu aliyekesha kwenye kiti cha plastiki, kichwani ana majina ya dawa na bei zake, nami nimemwongezea kazi: atafute shida iliyo saizi yangu, aipambe maneno ya heshima, kisha aombe.

Mwenzetu mwingine, dada mkimya ambaye kwenye vikao huwa hasemi, hakuandika chochote. Alimfuata mezani akamuuliza, "Mtoto shuleni anachukuliwa na nani?" Hakukuwa na mtu, mtoto alikuwa anasubiri getini na mlinzi mpaka jioni. Dada yule akaanza kumpitia, anakaa naye kwake, anamlisha, anamsimamia kazi za shule, na saa mbili usiku anamrudisha ameshaoga. Wiki tatu. Siku nyingine alipeleka hospitali chaja ya simu yenye waya mrefu, kwa sababu alishawahi kuuguza na anajua soketi ya ukutani huwa mbali na kitanda. Waya mrefu! Sijawahi kuona mchango unaofika mahali ulipofika waya ule.

Sasa siandiki tena "ukihitaji chochote". Nikikosa cha kufanya nauliza jambo moja lenye jibu fupi: nani anampikia baba nyumbani, umeme wa LUKU upo, maji ya kunywa yapo wodini.

Ukitaka kuyaona haya yote kwa siku moja, panda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Aliyekaa kumpokea mzigo aliyesimama ni jambo la kawaida kwetu, na Mungu atuhifadhie ukawaida huo. Lakini juzi nilimwona mama mtu mzima akimpokea binti mkoba na kumuuliza kwanza, "Unashukia wapi, mwanangu?" Binti alikuwa anakwenda mwisho. Yule mama alishuka Ukonga, na kabla hajasimama alimkabidhi mkoba ule abiria wa jirani yake na kumwonyesha mwenyewe kwa kidole: "Wa yule binti, anashuka mwisho." Hakuna aliyeshangaa, wala sidhani binti analikumbuka leo.

Misibani nako tunajitahidi, kwa siku tatu. Turubai limejaa, sufuria zimejaa, daftari la rambirambi linazunguka. Siku ya kumi turubai lilisharudishwa kwa mwenyewe, na mfiwa anajifunza kupika wali wa mtu mmoja. Nenda siku hiyo.

Najua lipo jibu ambalo watu hunipa, na si jibu la wachoyo: maisha ni magumu, mwenye 20,000 ndiyo hiyo tu aliyonayo, ukimdai na ya kutolea ataacha kutuma kabisa. Naliheshimu. Nami sisemi uongeze usichokuwa nacho. Nasema ukiwa na 20,000, ondoa humo ya kutolea na ya bodaboda, kisha mwambie bibi, "Nakutumia 15,000, itakufikia kamili." Aahidi dukani 15,000. Asimame mbele ya kaunta mgongo umenyooka.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na konda wa basi la Lushoto, nifuate mzigo wangu stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nilipouliza ni shilingi ngapi akasema umeshalipiwa huko ulikotoka. Kilikuwa kiroba cha maparachichi, bibi amekishona mdomo kwa kamba ya katani na kuacha mkia wa kamba nje, wa kuvuta, nisihangaike na kisu. Ndani maparachichi yalikuwa yamepangwa kwa matabaka, majani ya mgomba katikati: ya juu yameanza kulainika, ya kati bado kidogo, ya chini magumu kama mawe. Juu kabisa kulikuwa na karatasi ya daftari, mwandiko wa mtoto wa shule wa hapo jirani, kwa maneno ya bibi: "Ya juu mle kesho. Ya kati Jumapili. Ya chini msiyaguse mpaka wiki ijayo. Mawili makubwa ni ya mwenye nyumba wako."