Herufi K na Ufunguo wa Mtoto wa Meza

Mie naitwa Khamis. Kwa K. Marehemu baba yangu ndiye aliyenipa hiyo K, na sikumbuki hata siku moja kumuomba mtu anipunguzie. Lakini mfukoni nina kadi mbili: moja imeniandika Khamis, ya pili imeniandika Hamisi. Benki wakazitazama, wakanambia hawa ni watu wawili na pesa ni za mmoja. Nikamuuliza kijana wa dirishani, "Sasa ni za nani katika sisi wawili?" Akasema, "Mzee, hilo mtakubaliana wenyewe."

Basi nikaambiwa nikarekebishe. Herufi mbili tu, K iliyopungua na I iliyozidi! Nikasema hii kazi ya asubuhi moja, adhuhuri nishakaa barazani na kahawa yangu. Huo ulikuwa mwezi wa Rajabu. Tumeshafunga, tumeshafungua, na sita ya Shawali imeshapita, mie bado nakimbizana na K.

Hapa kwetu Unguja kila jambo huanzia kwa sheha, mkuu wa shehia, yaani mtaa. Ukizaliwa, sheha. Ukihama, sheha. Ukitaka kujenga choo, sheha. Naye hachaguliwi, anateuliwa, kwa hivyo huwezi hata kumtishia kura. Wangu mie nimesoma naye skuli moja, na tumeiba maembe pamoja. Nikakamatwa mie, yeye akaruka ukuta. Naona ndipo uongozi ulipoanzia.

Nilimkuta baada ya alasiri, kavaa msuli na fulana, anajipepea kwa gazeti. Nilipomwambia nimekuja kikazi, akaingia ndani. Akatoka kavaa shati na miwani, akakaa wima, akaniuliza, "Jina lako nani?"

"Yakhe, unaniuliza mie?"

"Inayouliza fomu. Mie nasoma tu."

Akaandika. Alipofika pale pa 'unamfahamu muombaji tokea lini' akasita, akatazama dari, nami nikajua anayakumbuka yale maembe. Akaandika "siku nyingi". Mhuri ulikuwa ndani ya bati la biskuti juu ya kabati, umelala na kadi za chanjo za wajukuu. Wino umekauka. Akaufungulia mdomo, haa, haa, kama mtu anayesafisha miwani, kisha akaukandamiza kwa mikono miwili, karibu aupande. Neno SHEHIA likatoka HIA, na mwezi wa tarehe haukutoka kabisa. "Unaonekana," akasema. Nikamuitikia. Ningemwambia nini?

Nyinyi mlio mbali mkisikia Zanzibar mnadhani ni ufukwe na pweza. Hii ni serikali, bwana. Tuna Rais wetu, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Tuna Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili, tokea Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2010 ili wakubwa wa vyama wakae meza moja na sisi wadogo tupumzike kununiana misikitini. Tuna Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, tuna Jaji Mkuu wetu, Mwanasheria Mkuu wetu, na bendera yetu wenyewe tokea 2005. Mikoa 5, wilaya 11, kila mkoa na mkuu wake, kila mkuu na gari yake, kila gari na dereva wake, na katika wote hao ninayejuana naye ni dereva. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Mie naona wote nishakutana nao foleni.

Na hiyo ni serikali ya kwanza. Juu yake ipo ya Muungano, na Rais wake, na Makamu wake, na Waziri Mkuu wake. Siku ya uchaguzi Mzanzibari hukabidhiwa karatasi 5: ya Rais wa Muungano, ya Rais wa Zanzibar, ya mbunge, ya mwakilishi, ya diwani. Bibi mmoja jirani yangu alizipokea zote, akazihesabu, akamuuliza msimamizi kama ya imamu imesahauliwa.

Sasa mtu ukiwa na kero, kwanza uijue ukoo wake: ni ya Muungano, au si ya Muungano? Mwaka 1964 mambo ya Muungano yalikuwa 11, leo orodha ina 22. Polisi ni wa Muungano. Uraia ni wa Muungano. Noti nayo ni ya Muungano, ndiyo maana kwangu hailali, inakumbuka kwao ng'ambo. Skuli ya msingi si ya Muungano lakini elimu ya juu ni ya Muungano, kwa hivyo mtoto wako hukua Mzanzibari mtupu mpaka siku anayokwenda kuomba mkopo.

K yangu ilijadiliwa barazani jioni mbili. Maalim mmoja, mtu wa hoja, alisema K si jambo la Muungano hata kidogo, maana Khamis ni ya hapa na Hamisi ni ya bara. Muuza kahawa akamjibu kwamba ile I ya mwisho ndiyo ya Muungano, tusiiguse bila ya kikao cha pande mbili. Wakacheka. Mie sikucheka, nilikuwa na foleni asubuhi.

Afisi yenyewe siitaji. Nikiitaja leo, kesho shemeji yangu anakuja kuniuliza nimemkosea nini mume wa dada yake mwengine. Saa za kazi ni saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu. Mie saa moja na robo nishakaa bao la ukuta, mkononi bahasha, ndani yake HIA.

Dirishani alikaa binti ya jirani yangu wa zamani. Nimempeleka skuli huyu kwa baskeli yangu, kakaa mbele kwenye paipu, mkoba shingoni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, miguu tu."

"Na yule mdogo wenu wa Muscat?"

"Keshaoa, ami!"

"Alaa! Na hatukuambiwa?"

Hapo tukaingia kwenye harusi ya Muscat, tukaimaliza, tukatoka. Nyuma yangu hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na ami, khaloo au mjomba upande wa pili wa lile dirisha, na kila mmoja alikuwa na harusi yake. Kisha akanitazama kwa huruma, akasema, "Lakini ami, mtandao leo hakuna. Pita kesho."

Ningekuwa na serikali kubwa, ya watu nisiowajua, ningepiga meza. Ningesema, hebu niitieni mkubwa wenu! Hapa mkubwa wao ni kijana aliyekuja kula futari kwangu mwaka juzi. Utampigia meza vipi mtu aliyekula tambi zako? Hii inaitwa muhali, na ndiyo wizara kubwa kuliko zote visiwani, ingawa haina jengo wala bajeti. Mie naona muhali kumkemea yule binti. Naye anaona muhali kunambia kwamba fomu yangu haisomeki na mhuri wangu ni HIA. Basi ananambia "pita kesho". Watu wanasema ule uvivu. Uvivu wapi! Ile ni adabu. Ni 'hapana' iliyovalishwa kanzu na kofia.

Nami najua, kwa sababu nilikuwa karani miaka 31. Hilo nilitaka kulinyamazia lakini mtaani wote wanalijua. Nilikaa masjala, na msemo wangu ulikuwa mmoja: "Faili lako limekwenda juu." Watu waliondoka wameridhika. Wengine waliniombea dua. Jengo letu lilikuwa la chini tu, halina ghorofa.

Nikapita kesho. Mtandao umekuja, lakini wizara imebadilishwa jina. Usiku tu! Watu tumelala, wizara imeamka na jina refu zaidi, nusu yake imetoka wizara nyengine. Barua ya sheha imeelekezwa kwa wizara ambayo haipo tena duniani. Mhuri wa zamani umekatazwa, mpya haujafika. Nikarudi kwa sheha, akaingia ndani, akavaa shati na miwani, akaniuliza, "Jina lako nani?"

Safari ya tatu ndiyo ya kuhadithia. Nimefika mapema, nimezima simu kwa sababu ukutani pameandikwa ZIMA SIMU, nami ni mtu wa kufuata maandishi. Saa nne, barua ishasomwa, K imekubaliwa, mhuri mpya umefika. Umo ndani ya mtoto wa meza, yaani droo, wa mkubwa. Mtoto wa meza amefungwa. Ufunguo anao mkubwa. Mkubwa hayupo.

"Yuko wapi?"

"Mazikoni, ami."

Nikatazama nyuma ya dirisha. Viti vitano, na kwenye kila kiti koti au mkoba, mtu hamna. Wote mazikoni. Binti mwenyewe keshashika baibui lake mkononi, ananisubiri mie tu niondoke kwa hisani yangu. Nikaguna. Nikasema, na hili najuta, "Sasa nchi yote isimame kwa ajili ya maiti mmoja? Kwani kafa nani huyo?"

Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. "Ami... kafa mjomba wake mama watoto wako."

Nikawasha simu. Mke wangu kanipigia mara 9.

Sikumbuki nilipandaje bodaboda. Nilifika msikitini wanamaliza adhuhuri, nikajichomeka safu ya nyuma, bahasha kwapani, tukamsalia mjomba. Na hapo, jamani, ndipo nilipoiona serikali. Yote ilikuwepo. Mkurugenzi alikuwepo. Sheha alikuwepo, na safari hii ananijua jina. Yule mkubwa wa mhuri kafunga kanzu kiunoni, anashika chepe, anavuta udongo kama mtu anayelipwa kwa saa. Mtu huyohuyo wiki mbili hakuwa na nguvu ya kuinua kalamu! Mjomba kafariki alfajiri. Saa nane kasoro alikuwa kaburini, talkini ishasomwa. Kaburi limechimbwa, sanda imekatwa, maji yamepashwa moto, mabasi mawili yamepatikana, masufuria ya wali yametoka nyumba saba na kila sufuria inajulikana ya nani. Hakuna aliyekaa dirishani. Hakuna aliyeambiwa apite kesho.

Baadaye tukasimama mstari wafiwa kupewa mikono. Mkubwa akanifikia. Akanishika mkono, akasema Mungu awape subira. Nikasema amin. Sikumwachia mkono. Nikasogeza mdomo sikioni kwake, nikamwambia, "Na ile K yangu, sheikh?"

Mke wangu asilijue hili.

Mkubwa hakukasirika. Akasema, "Ndiyo wewe? Lete." Nikaitoa karatasi, ina udongo pembeni. Akamgeuza sheha, akaiweka mgongoni kwake, akatia saini pale pale, sheha kainama kama meza. "Bado mhuri," akasema, na akajipapasa mfukoni akatoa ufunguo mdogo wenye uzi mwekundu. "Mie usiku huu naingia boti ya Pemba, tuna warsha ya siku tatu. Wewe ni mwenzetu, karani wa zamani. Asubuhi mpelekee binti afungue, agonge, amalize. Usimpe mtu mwengine."

Basi nimerudi nyumbani na ufunguo wa mtoto wa meza wa serikali. Nimeuweka chini ya mto. Nimeutoa, nimeutia ndani ya bati la biskuti. Hili naona halina ubishi, mihuri na vitu vyake inapenda bati la biskuti. Nikakaa barazani nipumue.

Kisiwa hiki, ukipiga chafya Mkunazini, Bububu wanakujibu. Isha haijasaliwa alikuja wa kwanza, fundi seremala, anataka kuhamisha kiwanja, karatasi yake inasubiri mhuri tokea mfungo mosi. "Nimesikia unao." Nikamwambia ninao ufunguo, mhuri sinao. Akasema ni kitu kimoja. Akafuata mwalimu wa madrasa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Wakafuata wanawake wawili wamebeba sahani ya halua, wameifunika kwa kawa, wananiuliza hali ya matanga huku macho yao yanatafuta bati. Mpaka saa nne usiku barazani kwangu pana watu kumi na mmoja, wamejipanga wenyewe, aliyetangulia katangulia, na muuza kahawa kahamia hapo hapo na dele lake.

Wa mwisho alikuwa shemeji yangu. Mfiwa. Mtu ambaye mchana tumezika mjomba wake. Kakaa karibu yangu, kanikamata goti, kanambia shida yake kwa sauti ya chini, shida ya haki kabisa, na nilijua kwamba hata ningefungua ule mtoto wa meza usiku ule, karatasi yake ina kasoro mbili na kwenye mhuri wa sheha imesoma HIA.

Nikamtazama. Nikaona muhali.

"Shemeji," nikamwambia, "faili lako limekwenda juu. Pita kesho."