Bonanza la kabla ya msimu hapa Chuga, ni la kocha au la hela za mlangoni?

Kuna klabu moja ya hapa Arusha, jina naliacha, inataka kualika timu tatu mwezi wa saba zije zicheze bonanza la siku mbili kabla ligi haijaanza. Jumamosi nusu fainali, Jumapili fainali, kombe lipo na kiingilio kipo. Kijiweni watu wameshagawanyika, wengine wanasema ndo maendeleo hayo, wengine wanasema ni njia ya viongozi kupiga hela tu. Mi nimekaa katikati, ila sio katikati kabisa.

Wanaotaka wana hoja, na wazo lenyewe sio geni. Barcelona wana kombe lao la Joan Gamper tangu 1966, Arsenal wana Emirates Cup tangu 2007. Hapa kwetu Simba Januari 2021 waliandaa Simba Super Cup wakawaleta TP Mazembe na Al Hilal ya Sudan, sema ile ilikua katikati ya msimu. Yanga nao 2024 walialikwa Sauzi, wakafungwa 2-1 na Augsburg ya Ujerumani, siku chache mbele wakampiga Kaizer Chiefs 4-0 kule Bloemfontein. Timu ikicheza na mgeni inajijua ilipo, mazoezini mnapigiana pasi na mtu unayejua atakata kushoto.

Halafu hali ya hewa. Tupo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na mwezi wa saba baridi inauma, mchezaji anakimbia bila kuchemka kama yupo Dar, ndo maana hata Simba 2021 walikuja kupiga kambi Karatu. Timu ya Nairobi inapanda basi asubuhi, inapita Namanga, mchana ipo hapa inakula. Na njaa ya mpira ipo jamani, nani kasahau fainali ya Kombe la Shirikisho 2022 hapa Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Yanga na Coastal Union, 3-3, Sopu kafunga zote tatu za Coastal na bado kombe likaondoka na Yanga kwa matuta, yaani penalti. Kwa ndugu zetu wa Moshi ndo usiseme, timu yao Polisi Tanzania ilishuka daraja 2023, ligi kuu watu wakaanza kuifuata kwenye tivii.

Sasa upande wa pili, na hapa ndo penye utamu wenyewe.

Mechi za maandalizi kazi yake ni kocha aone watu. Kwenye mechi ya kirafiki timu zikikubaliana na refa akaambiwa mapema, unaweza kubadilisha wachezaji wengi kuliko kwenye ligi, kwa hiyo kocha anaingiza kikosi kizima kipindi cha pili. Kwake raha. Kwa aliyelipa kiingilio ni balaa. Niliwahi kukaa jukwaa la mzunguko kwenye bonanza kama hilo, kipindi cha pili wakatoka kumi na moja wote wakaingia watoto jezi hazina majina, mbili zina namba ile ile, mzee pembeni yangu kajifunika shuka la kimasai anauliza "sasa huyu tisa ni nani?" hakuna anayejua, hata muuza karanga ambaye huwa anajua kila kitu. Dakika ya sabini watu wakaanza kutoka.

Ukiweka kombe na kelele za mashabiki kocha anabanwa, mwenyekiti hataki kufungwa nyumbani, basi wanaanza wale wale wa msimu uliopita, wanacheza dakika tisini mbili ndani ya siku mbili wakati miguu ina wiki mbili tu za mazoezi. Hapo ndo misuli inachanika. Na yule dogo aliyekuja kwa majaribio kutoka Babati anarudi kwao kapasha tu nje ya mstari siku zote mbili.

Hela nayo tusidanganyane. Kuna uwanja, waamuzi, ambulensi, ulinzi, malazi na misosi ya timu tatu, na vibali vya TFF, shirikisho la soka, na chama cha mkoa. Ukialika Simba au Yanga uwanja unajaa ila gharama zao zinaweza kumeza kapu lote, ukialika timu za jirani kina Mbuni FC gharama inashuka na mlangoni napo panapungua. Sioni njia ya kukwepa hilo, labda mdhamini aje kabla, sio baada.

Kwangu mimi lifanyike, ila wachague. Kama ni la kocha, siku moja tu, timu nne, mechi za dakika 45 kila mtu acheze na kila mtu, zinakua sita, timu moja inamaliza na dakika 135 mguuni badala ya 180, ukiwa na kikosi cha watu ishirini na mbili unagawa vizuri tu. Arsenal kwenye Emirates Cup enzi za timu nne walikua wanatoa pointi kwa kila bao, na sisi tuige hilo, hakuna atakayepaki basi, kujazana golini kuzuia tu. Kiingilio kiwe cha buku, na karatasi ya majina na namba ibandikwe getini hata kwa kuandika na kalamu. Mwenyekiti akitaka kombe lake apewe, ila mechi ya saa tatu asubuhi yule dogo wa Babati aanze.