Ukiibiwa, uanzie kwa mwenyekiti au kituoni?

Juni iliyopita, baridi ya Uyole, Mbeya, ikiwa kali, jirani yangu aliamka akakuta pampu yake ya kumwagilia viazi haipo. Mpira umekatwa kwa kisu, na kwenye matope kuna alama za tairi ya bodaboda hadi barabarani. Polisi hakuwawaza kabisa. Alivaa koti akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kisheria hakukosea. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka anayejua kosa limetendeka, au linapangwa, atoe taarifa bila kuchelewa kwa askari polisi au kwa mwenye mamlaka wa eneo hilo, naye huyo aifikishe kwa mkuu wa kituo cha karibu. Hapo kwenye kuifikisha ndipo taarifa nyingi zinapofia.

Wanaomtetea mwenyekiti wana hoja. Ukiwa ndani ndani huko Kilolo au Makete, nauli ya bodaboda kwenda kituoni na kurudi inaweza kuzidi bei ya kuku walioibiwa. Mwenyekiti anajua kijana wa nani karudi juzi kutoka mpakani Tunduma na simu tatu. Kituoni nako utaambiwa mpelelezi hayupo, njoo kesho, au gari halina mafuta (ukiambiwa hivyo, unajua unachoombwa).

Ila mwenyekiti ni shemeji wa mtu, na kura za mtaa anazitaka. Hupenda mambo yaishe. Kwa kuku, sawa. Mtoto akibakwa, wazee wakakaa kikao, ikatoka ng'ombe mmoja, hapo wameficha jinai. Hilo lipelekwe moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au upige 116, namba ya msaada kwa watoto. Aliyejeruhiwa naye anahitaji PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na hiyo mwenyekiti hana. Tena kelele za mwizi zikipigwa mtaani, "wananchi wenye hasira kali" hufika kabla ya polisi wa namba ya dharura 112, na maiti haisemi pampu iliuzwa wapi.

Polisi nao wana lao la kulalamika, na nadhani ni la haki: mtu akisharudishiwa mali yake, mahakamani haonekani tena. Wengine wanaogopa. Ipo sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi, lakini gari la polisi likisimama mlangoni kwako mchana kweupe, mtaa mzima umeshajua nani kasema. Ndiyo maana namwona polisi kata, askari aliyepangiwa kata yenu, kuwa njia nzuri ya katikati. Unampigia, mnaonana pembeni. Shida ni kwamba ni mtu mmoja, na kata zetu zina milima.

Jirani alikwenda kituoni siku ya nne, nikamsindikiza. Askari wa kaunta aliuliza namba ya pampu. Hana. Risiti? Hana. Rangi? "Bluu, imechubuka ubavuni." Akaandika, akampa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo, kwenye kikaratasi, jirani akakikunja akakiweka pamoja na kitambulisho cha NIDA.

Pampu haijapatikana. Lakini Agosti, alipoona inayofanana nayo inauzwa sokoni Mwanjelwa, alikuwa na namba ya kumtajia askari. Kwa mwenyekiti haikuandikwa hata tarehe.