Shemeji na Kiti cha Mfalme

Shemeji yangu ana ugonjwa: akiona kiti cha zamani, lazima akipindue. Tunaishi kaskazini mwa Uingereza, na Jumamosi wenzetu wakienda mpirani, yeye ananiburuta kwenye minada ya samani kuukuu, tochi mkononi, kusaka mihuri ya mafundi. Anunue kwa bei ya mtumba, auze kwa bei ya makumbusho. Ndiyo biashara yake, ingawa faida yake bado hatujaiona.

Tatizo ni Waingereza wenyewe. Kule Paris, karne ya 18, chama cha mafundi kilimlazimisha fundi agonge jina lake kwenye samani. Huku hakukuwa na amri kama hiyo, na wengi hawakujisumbua. Ukibahatika unakuta herufi mbili tu, za kibarua asiyejulikana. Waliogonga jina kamili ni wachache, kama Gillows wa Lancaster, na hilo ndilo jina Shemeji analolitaja usingizini. Dada yangu alishalalamika.

Siku hiyo akazama chini ya kiti cha mikono cha mahogani, miguu tu ikabaki nje kama fundi wa gereji.

"Shemeji! Kuna VII hapa chini ya kikalio! Kiti cha Mfalme Edward wa Saba!"

Nikamwambia hiyo ni namba ya fundi. Vikalio vya kupachika vilitengenezwa kando, kisha kila kimoja kikachongwa kwa patasi namba ya fremu yake, ili vikitolewa kubadilishwa kitambaa visichanganywe.

"Fremu ina namba gani?"

Kimya. Tochi ikazunguka. "IIII."

"Basi kikalio si chake."

"Wewe umesoma mno, ndiyo maana huna hela. Hebu kaa, nione huku chini kama kinacheza."

Nikakaa.

Kumbe kile kikalio kilitoka kwenye kiti kisicho na mikono, na ndugu zake wa aina hiyo huwa wembamba. Kwenye fremu pana kama ile kilikuwa kinashikiliwa na ukingo mmoja na dua. Kikaporomoka, kikatua kwenye paji la uso la Shemeji. Mimi nikakifuata, ila si mzima: makalio yalipita, vingine vikakwama. Magoti kidevuni, viatu juu, mbavu zimebanwa na mikono ya kiti.

Nikasubiri kuokolewa. Badala yake nikasikia sauti kutoka chini, ya mtu aliyeona mbingu. Kikalio kilipotoka, ubao wa ndani wa fremu ulibaki wazi.

"GILLOWS! GILLOWS LANCASTER!"

Ukumbi mzima ukasikia. Wafanyabiashara wakaja mbio, nikajua nimepona. Wapi! Wakapiga magoti kunizunguka na vioo vya kukuzia. Mzee mmoja mwenye tai, mpole kweli kweli, akanigusa begani.

"Samahani, bwana. Unaweza kusogeza paja kidogo? Umeziba Lancaster."

Nikasogeza. Ningefanyaje?

Walinichomoa baadaye, taratibu, wakikionea huruma kiti. Mnada ulipofika kwake, Shemeji alinyanyua mkono mara moja tu. Bei ikamruka, ikamwacha ameushika uvimbe wake.

Njiani hakusema neno. Tulipofika kwenye taa nyekundu ndipo akanigeukia, macho yamejaa lawama.

"Lakini na wewe, Shemeji. Umekwama vile, unanyamaza? Ungepiga mayowe kidogo tu, wasingenisikia."