Na wale wanne waliobaki?

Juzi mhamasishaji mmoja, suti ya buluu, maikrofoni imebandikwa shavuni, aliwaambia vijana ukumbini kwamba Tara Westover, mwandishi Mmarekani wa kitabu "Educated", ni ushahidi kuwa "ukitaka, unaweza". Makofi. Nilikaribia kutoka nje.

Makofi anayastahili, sikatai. Kazaliwa 1986 milimani Idaho, Marekani, kwa baba Mmormoni ambaye, kama anavyosimulia mwenyewe, aliona shule za serikali ni njama ya kuwatenga watoto na Mungu. Cheti cha kuzaliwa kakipata ana miaka 9. Darasani kaingia mara ya kwanza ana miaka 17, na hilo darasa lilikuwa la chuo kikuu. Huko akanyoosha mkono kuuliza Holocaust ni nini. Chumba kizima kikanyamaza; walidhani anafanyia mzaha mauaji ya Wayahudi. Mwaka 2014 akamaliza uzamivu Cambridge. Haya, nani atabisha?

Nabisha mimi, hapo kwenye "ukitaka". Kwao walizaliwa saba. Watatu wakafika uzamivu. Wanne hawakupata hata cheti cha sekondari. Baba mmoja, meza moja, maombi yale yale. Mnataka kuniambia wale wanne hawakutaka? Tara alikuwa na kaka aliyetangulia chuoni, akamsukuma afanye mtihani wa kuingia, atoke pale. Asingekuwapo huyo kaka je? Mtoto atatamanije kitu ambacho hajawahi kuambiwa kipo? Na Idaho, mzazi akisema anafundishia nyumbani, hadaiwi kumwandikisha mtoto popote wala kumpeleka kwenye mtihani wowote. Hakuna wa kubisha hodi.

Sisi Kenya tunayo sheria, ya 2013: usipompeleka mtoto shule, faini hadi shilingi 100,000 au jela hadi mwaka. Safi kabisa, kwenye karatasi. Mhubiri Paul Mackenzie alikamatwa Malindi 2017, na suala la watoto wasioenda shule lilikuwamo. 2017! Halafu tukalala mpaka 2023, tukaamka kufukua miili zaidi ya 400 msituni Shakahola, ya wafuasi wake walioambiwa wafunge hadi kufa. Chifu anayejua chang'aa inapikwa nyuma ya kibanda gani, eti hakuona boma lenye watoto sita wasio na sare hata moja.

Najua mtasema nachukia dini. Nyanya yangu alikuwa Msabato kindakindaki: Ijumaa jua likizama, hata chai haichemshwi. Lakini Jumatatu alfajiri sare zetu zilikuwa zimeshapigwa pasi, na ole wako uchelewe kengele. Na ndiyo, wapo wanaofundishia watoto nyumbani vizuri. Wachache.

Ninachotaka ni kidogo. Mwalimu mkuu afungue rejista Januari, aone jina ambalo halikurudi, aende kwao akaulize. Ambao hawakuwahi kuandikishwa, Nyumba Kumi, wale wa ulinzi wa mtaa, wanawajua. Mwalimu akifukuzwa kwa maandiko, arudi na chifu.