Si Masizi, Ni Unga wa Nywele

Jamani, kwanza tuliweke sawa. Yule rafiki yangu anayewatangazia kwamba juzi nilikwenda kutambulishwa ukweni nimejipaka masizi ya sufuria, muongo. Ulikuwa unga wa nywele, ule wa kufichia upara, wa kichupa, wenye maelekezo yake, ambayo ndiyo sikuyasoma.

Ukoo wetu mnaujua. Baba uwaraza, baba wadogo wote wawili uwaraza, na Babu mzaa mama kichwa yai la bata tangu ujana wake. Watu husema upara hutoka kwa mama tu. Kweli, jeni moja kubwa ya mambo haya imo kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, ila ziko nyingine chungu nzima na baba naye hutoa zake. Mimi nimerithi kulia na kushoto. Laiti yangekuwa mashamba.

Wiki tano kabla ya siku yenyewe nilianza minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi, 1 jioni. Wiki ya tatu nywele zikapukutika kuliko zamani! (Mnaotaka kuanza, sikieni: mwanzoni hupukutika, zilizolala zinapisha mpya, na matokeo usiyatafute kabla ya miezi minne. Usianze ukiwa na shughuli mlangoni.) Kwa kuchanganyikiwa ndio nikanunua unga.

Unga wenyewe ni vinyuzi vya keratini, protini ileile iliyomo kwenye nywele na kucha. Hunata kwa umeme tuli, kama vipande vya karatasi vinavyorukia kitana ulichotoka kuchania. Kwa hiyo nywele za kunatia lazima ziwepo, hata chache, tena kavu, na mwisho unapuliza sprei ya kuushika. Mimi nilikuwa nimetoka kupaka mafuta ya nazi. Utosini hamna hata unywele wa kusingizia. Sprei niliona wananila hela tu. Nikatikisa nusu kichupa.

Tanga, saa nane mchana, mwezi wa pili. Umeme ukakatika, feni ikasimama, mchuzi wa moto ukaletwa.

Wazee walipomaliza mazungumzo, Babu akasema tufunge kwa dua. Nikainama mbele yake. Akaniwekea kiganja utosini. Kiganja chote. Nikakisikia kinateleza. Na dua ya Babu mnaijua si fupi. Kila akifika penye mkazo anakandamiza, mara mbele, mara nyuma, kama anayesugua sufuria iliyoungua. Mimi chini huko naomba dua yangu ya pembeni. Tone likanishuka puani, likaning'inia, likadondoka mkekani. Jeusi.

"Amin," wakaitikia.

Babu akainua viganja vyake, akajipangusa uso. Taratibu, kama kawaida yake. Paji la uso. Macho. Mashavu. Akamalizia na ndevu, zile ndevu nyeupe pe.

Hakuna aliyecheka. Nasema hakuna aliyehema! Kitoto kimoja mlangoni kikauliza, "Mama, yule babu mwingine kaenda wapi?"

Babu akatazama kiganja chake. Akautazama utosi wangu, ambao sasa una alama ya vidole vitano. Akatikisa kichwa: "Mume mwenzangu, kumbe nywele zangu ulikuwa nazo wewe?"

Yaliyofuata ni ndoo, sabuni, kanga ya mtu na kofia ya kuazima. Posa imekubaliwa, msiniulize zaidi.

Jioni mchumba kanitumia ujumbe: baba yake anauliza kile kichupa kimebaki kiasi gani. Nimemjibu nusu. Aoshe mafuta yote kwanza, akaushe, na sprei nitamnunulia mimi.